Datsun la Marehemu: Breki Kwanza, Mbio Baadaye

Sisi tuliozaliwa Pwani kabla ya mwaka 1970 twakumbuka vyema siku za Pasaka za zamani, wakati magari ya mashindano ya Safari yalipokuwa yakiteremka kutoka bara hadi Mombasa. Sikukuu yenyewe haikuwa yetu, lakini barabara ilikuwa yetu sote. Watoto tulitoka majumbani mara tu baada ya swala ya alfajiri, tukajipanga kando ya njia huko Changamwe, na wa kwanza kusikia mngurumo ndiye aliyepiga ukelele. Gari likipita hulioni sana. Utaona taa, matope yaliyokaukia milangoni, kisha mgongo wake unatokomea. Ilitosha. Wiki nzima baadaye kila kipande cha ubao kilichotiwa magurudumu kilikuwa Datsun.

Na halikuwa Datsun lolote. Lilikuwa lile lenye boneti ndefu na mgongo ulioinama, liitwalo 240Z. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa gari hilo, na Shekhar Mehta akaingia wa pili kwa jingine la namna hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe, akiwa na Lofty Drews, alishinda kwa 240Z. Mehta alizaliwa Uganda, na jamaa zake walikuwa wametoka huko mwaka mmoja tu nyuma, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Ushindi wake wa kwanza ulikuwa mwembamba kama uzi: alilingana kwa pointi na Harry Källström, ambaye naye aliendesha Datsun, ikabidi waamuzi watazame ni nani kati yao aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Baadaye Mehta alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982.

Nayasema haya kwa sababu gari la namna hiyo limo katika ukoo wetu, na kwa muda wa miaka miwili limetutia katika mashauri ambayo nadhani yatamfaa kila kijana mwenye gari kuukuu na hamu ya mashindano.

GARI LA MIRATHI

Shemeji yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alilinunua 240Z lake likiwa tayari limepita mikono miwili. Alilipenda kama mtu apendavyo kipanga wake. Aliliendesha mpaka macho yakamchosha, kisha akaliegesha uani chini ya kibanda cha makuti, na hapo likakaa miaka mingi, kuku wakitaga juu ya kiti cha nyuma ambacho kwa hakika si kiti, maana gari hili ni la watu wawili tu.

Alipofariki, mambo ya mirathi yaliendeshwa kama sheria ilivyo. Marehemu hakuacha mzazi aliye hai. Aliacha mjane, mwana mmoja mume na mabinti wawili. Ukiligawa gari lile mafungu 32, mjane ana yake 4, kila binti ana 7, na kijana ana 14. Kijana, ambaye ni mpwa wangu, alisema analitaka gari lote, alitengeneze na kuliingiza katika mashindano ya klabu ya magari ya zamani. Basi ilimlazimu kuyanunua mafungu 18 ya wenziwe.

Dada zake hawakumfanyia taabu, lakini hawakumpa bure, na walikuwa na haki. Magari ya namna hii yanatafutwa sana siku hizi ng'ambo, na dalali mmoja alikuwa ameshakuja kuchungulia uani. Mpwa wangu aliwalipa kutoka katika akiba yake, na akiba ikapungua zaidi ya nusu.

Mama yake ndiye aliyenishangaza. Aliniita nishuhudie, kisha akamwambia mwanawe:

"Fungu langu nimekupa, mwanangu, ni hiba, sitaki shilingi. Lakini mjomba wako asikie. Gari hili lijue kusimama kabla halijajua kukimbia. Na ukimtia mtoto wa mwenzangu ndani yake, ujue umebeba amana."

Alikuwa akisema juu ya rafiki wa kijana huyo, ambaye angeketi kando yake kumsomea ramani na kumtajia kona. Katika mashindano ya aina hii dereva hawi peke yake.

TAMAA YA KASI

Ndugu msomaji, kijana yeyote mwenye gari la michezo huwaza injini kwanza. Mpwa wangu naye alikuwa na karatasi mfukoni ya vitu anavyotaka: kabureta tatu kubwa badala ya mbili alizoziweka mwenye kiwanda, kemshafti kali zaidi, na ekzosi ya kupiga kelele. Injini ya 240Z ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ukubwa wake ni sentimita za ujazo 2,393, na ilipotoka kiwandani ilihesabiwa nguvu za farasi 150 hivi. Gari lenyewe lina uzito wa kilo elfu moja na ushei tu. Kwa hiyo si gari zito wala si gari legevu. Lakini kijana alitaka zaidi.

Nilimpeleka kwa fundi mmoja mzee huko Majengo, mtu niliyemjua tangu utotoni. Baba yake alikuwa fundi wa majahazi, na yeye mwenyewe alianza kazi akipitisha pamba na sifa baina ya mbao kabla hajaingia katika magari. Aliisoma ile karatasi, akaikunja, akamrudishia.

"Hii weka mwaka ujao, mwanangu," akasema. "Jahazi likipandishwa pwani, nahodha hatazami tanga. Huinama akatazama mkuku. Tanga jipya juu ya mbao mbovu, hiyo ni njia ya kufika chini ya bahari upesi."

Kisha akaomba nyundo ndogo na bisibisi, akajilaza chini ya gari.

CHINI KWANZA

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba 240Z halina chesesi ya kando kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Sakafu, mihimili ya bati iliyokunjwa chini yake na kingo za chini ya milango ndivyo vinavyobeba injini, magurudumu na watu. Bati hilo likiliwa na kutu, ni sawa na nyumba ambayo boriti zake zimeingiwa na mchwa: dari laonekana zima mpaka siku litakapoanguka.

Na sisi watu wa Pwani tumekaa na chumvi. Upepo wa bahari huingia mahali ambapo mvua haingii. Fundi alipagonga panapokaa betri, maana asidi ya miaka mingi hutiririka hapo na kula bati la chini. Akagonga sakafu ya dereva, chini ya zulia. Akagonga pembe za chini za kioo cha mbele, ambako majani na unyevu hujikusanya. Akagonga nyuma ya matao ya magurudumu. Bati zima hulia kwa sauti kali. Bovu hujibu kwa sauti nzito kama mkate.

Sakafu ilikuwa na tundu mbili, jambo ambalo tulilitarajia. Zilikatwa, na bati jipya likachomelewa. Fundi alituonya juu ya puti. Puti ni kitu cha kusawazisha kovu dogo kabla ya rangi. Si bati, wala haina nguvu yoyote. Ukiona gari kuukuu linalong'aa, chukua sumaku ndogo uipitishe taratibu juu ya bodi. Ikikataa kushika mahali, jua hapo pana puti nene, na chini ya puti pana siri.

Ushauri huo tuliusikia. Hatukuufuata kila mahali, kama utakavyoona mbele.

BREKI NA MAFUTA YAKE

Baada ya bodi zilifuata breki. Gari hili lina breki za sahani mbele na za ngoma nyuma. Fundi hakutaka hata kuzijaribu zilivyo. Alizifungua zote: silinda kuu, silinda ndogo za magurudumu ya nyuma, mabomba ya chuma na mipira yake. Mpira wa breki ukizeeka huvimba kwa ndani huku nje ukionekana mzima, na dereva atashangaa gari lavuta upande mmoja.

Lakini somo kubwa lilikuwa la mafuta ya breki. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa kama chumvi ya mezani inywavyo masika. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya na makavu hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanywa maji, kiwango chake hushuka hadi nyuzi 140. Ya DOT 4 huanza na 230, yakishalowa hufika 155. Mtu anayekwenda sokoni na kurudi huenda asipate tabu. Lakini dereva wa mashindano hukanyaga breki kona baada ya kona, sahani zinawaka, joto linapanda kwenye mafuta, na yakichemka yanatoa mvuke. Mafuta hayashindiliki, mvuke hushindilika. Hapo utakanyaga na mguu utashuka mpaka sakafuni bila gari kupunguza mwendo.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kopo jipya ambalo halijafunguliwa, mafuta yote ya zamani yatolewe, na yabadilishwe tena kabla ya kila mashindano. Katika kila matengenezo ya gari la mashindano hakuna jambo rahisi kuliko hili, wala hakuna linalosahauliwa zaidi.

Zikaja bushi za mpira za mikono ya magurudumu, ambazo zilikuwa zimekauka na kupasuka kama kisigino cha mvuvi. Zikaja beringi za magurudumu, shokabzoba mpya, na bamba nene la chuma chini ya injini ili jiwe lisipasue sampu. Mipira nayo ilitupwa yote, ingawa meno yake yalikuwa mazima. Ubavuni mwa kila mpira pana tarakimu nne zinazotaja juma na mwaka uliotengenezwa. Ukiona 2319, ni juma la 23 la mwaka 2019. Ile ya marehemu ilikuwa na tarakimu tatu tu, maana ilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Mpira wa umri huo ni mgumu kama ubao, na hushika barabara kama ubao.

KIZIMBA NA MISHIPI

Hapo ndipo fedha zilipokwenda. Gari la mashindano sharti liwe na kizimba cha mabomba ya chuma ndani yake, ili likibiringika paa lisiwaangukie waliomo. Mabomba hayo hayafungwi hivi hivi juu ya sakafu. Kila mguu husimama juu ya bamba la chuma ili uzito usambae, na sakafu yenyewe iwe bati zima. Kizimba kizuri juu ya sakafu yenye kutu hakina maana. Siku ya ajali miguu yake itatoboa sakafu.

Viti viwili vya kumkumbatia mtu vilinunuliwa, na mishipi miwili inayopita mabegani, kiunoni na mapajani. Mishipi ya mashindano ina tarehe ya kwisha iliyoshonwa juu yake, kwa sababu nyuzi zake hudhoofika kwa jua na jasho hata kama haijawahi kuvuta mtu. Muuza vitu mmoja alitaka kutupa ya bei nafuu ambayo tarehe yake ilikuwa imepita. Mpwa wangu alinitazama. Nilimwambia, "Mmoja kati ya mishipi hiyo si wako. Ni wa mtoto wa watu." Akarudisha.

Kwa mshipi huo mmoja zilikwenda fedha za kemshafti. Kwa kizimba zilikwenda fedha za kabureta tatu. Karatasi ile ya mfukoni ikabaki na ekzosi peke yake, na hata hiyo aliifuta baadaye.

MOTO NA MAJI

Petroli ya zamani hugeuka gundi. Tangi liliteremshwa, likaoshwa, na kutu iliyokuwa ndani ilijaza kikombe. Kutu hiyo ikifika kwenye kabureta gari hufa njiani bila sababu ya kuonekana. Mipira yote ya petroli ilibadilishwa, ikapitishwa mbali na bomba la moshi. Ikawekwa swichi moja kuu inayokata umeme wote wa gari, ambayo mtu wa ndani anaifikia na mtu wa nje pia. Kizima moto kilifungwa kwa chuma, si kwa kamba, maana kitu kisichofungwa ndani ya gari linalobiringika hugeuka kombora.

Rejeta ilipelekwa kuzibuliwa. Injini hii ina bloki ya chuma na kichwa cha aluminiamu. Aluminiamu ikipata joto kupita kiasi hujipinda, gasketi ikaungua, na hapo safari yako imekwisha. Katika joto letu la Januari na Februari rejeta nusu ya kazi ni sawa na hakuna rejeta.

INJINI MWISHO

Injini ilifunguliwa mwisho, na kwa mshangao wa kijana haikuhitaji mengi. Fundi alipima mgandamizo wa silinda zote 6. Alichotafuta si namba kubwa bali namba zinazofanana. Silinda moja ikiachana sana na wenzake ndiyo yenye maradhi. Zilifanana. Alirekebisha nafasi za vali injini ikiwa baridi, milimita 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutoa. Akaweka plagi mpya, nyaya mpya, na mnyororo mpya wa kemshafti.

Kisha akazilinganisha kabureta mbili kwa njia ya kale. Alichukua kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza mfoko wa hewa. Akahamia ya pili. Akazungusha parafujo kidogo. Akasikiliza tena. Injini iliyokuwa ikitetemeka ikatulia kama mtu aliyemaliza kusoma wiridi. Mpwa wangu, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akiota kabureta tatu, alisimama kimya. Alikuwa hajawahi kusikia hizo mbili zikiimba pamoja.

SIRI YA PUTI

Zilibaki wiki mbili kabla ya mashindano. Jina lilikuwa limeandikwa na ada imelipwa. Fundi alitaka kulitazama gari mara ya mwisho, maana alikuwa amelijaribu siku tatu na kila jioni alikaza upya nati zote na kuzitia alama ya rangi nyeupe. Nati ikilegea, alama hukatika na jicho huona.

Siku hiyo aliona ufa mdogo wa rangi mbele, upande wa kushoto, pale fimbo inayozuia mkono wa gurudumu la mbele usirudi nyuma inapofungwa kwenye mhimili. Alitia bisibisi. Ikaingia yote mpaka kwenye mpini. Mahali hapo palikuwa pamejazwa puti na fundi fulani wa bodi miaka mingi nyuma, pakapakwa rangi nyeusi nzito, na sisi sote tulikuwa tumepapita tukaona pazima. Sumaku hatukuipitisha huku chini. Tuliipitisha juu ya milango, mahali panapoonekana na watu.

Fimbo hiyo ndiyo inayolishika gurudumu kila breki inapokanyagwa. Ingeng'oka, ingeng'oka wakati wa breki kali, yaani kwenye kona, gari likiwa katika mwendo wake mkubwa kabisa.

Kijana alisema, "Fundi, tupige bamba juu yake twende. Baada ya mashindano tutakata vizuri."

Mzee hakumjibu. Alinitazama mimi. Nami nilimtazama mpwa wangu, nikaona machozi yamemlenga, mtu mzima mwenye ndevu. Alikuwa amelipa mafungu ya dada zake, amemaliza akiba, na marafiki wote walikuwa wameambiwa siku. Nilikuwa na maneno mengi ya kusema, lakini hayakuhitajika. Alikaa juu ya ndoo muda mrefu. Kisha akatoa simu, akampigia yule rafiki yake wa ramani. "Mwaka huu hatuendi," alimwambia. "Gari si zima."

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo siku aliyokuwa dereva wa mashindano.

KUMALIZA NDIO USHINDI

Mtu aweza kusema ni woga. Lakini tuitazame Safari yenyewe, iliyoanza mwaka 1953. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili walioshinda ni watu wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari lao lilikuwa Peugeot 404, gari la kubebea familia. Walipitwa na magari yenye kasi zaidi, kisha wakayapita yakiwa yamekufa njiani. Barabara zetu hazijawahi kumuuliza mtu injini yake ina farasi wangapi. Zimemuuliza kama ameifunga vizuri.

Na wala mtu asidhani kwamba ukuu wa gari au umri wa dereva ni kizuizi. Mwaka 2003, nusu karne baada ya Safari ya kwanza, yalianzishwa mashindano ya Safari ya magari ya zamani, nayo mara nyingi yamefika huku kwetu Pwani. Björn Waldegård wa Sweden, aliyekuwa ameshinda Safari kuu mara nne, alishinda hayo ya magari ya zamani mwaka 2007 kwa Ford Escort na mwaka 2011 kwa Porsche 911, kijana wake Mathias akiwa kando yake akimsomea njia. Mwaka huo wa 2011 alikuwa mzee wa miaka 68. Gari lenyewe la 240Z lililoshinda Safari ya 1971 limehifadhiwa na kampuni yake huko Zama, Japani.

Nimalizie habari yetu. Mhimili ulikatwa, ukachomelewa mpya pande zote mbili, maana mzee alikataa kutengeneza mmoja na kuuacha ndugu yake. Mwaka uliofuata gari lilikwenda kwa wakaguzi wa mashindano. Walitazama mishipi na tarehe zake, kizimba, swichi ya umeme, kizima moto, helmeti. Walitikisa magurudumu. Wakapiga muhuri. Mashindano yalikuwa kwenye barabara iliyofungwa kwa kibali, na nataka vijana wanaoshindana usiku kwenye barabara ya Malindi walisome neno hilo mara mbili: iliyofungwa, kwa kibali. Kule kwingine si mashindano, ni kuwatafutia watu matanga.

Mpwa wangu hakushinda. Alikuwa wa tatu kutoka mwisho, nyuma ya magari yenye kabureta tatu na nyuma ya mengine yasiyo nazo. Lakini mengi yaliyoanza mbele yake aliyakuta yameegeshwa kando, boneti juu, madereva wakichungulia ndani. Lake halikusimama hata mara moja ila pale alipotaka lisimame.

Tulirudi nyumbani baada ya magharibi. Dada yangu alikuwa barazani akitungoja, tasbihi mkononi. Hakuuliza alikuwa wa ngapi. Alilizunguka gari lililojaa vumbi jekundu, akaweka kiganja juu ya boneti ambayo bado ilikuwa na joto, kama alivyokuwa akifanya marehemu kila alipolirudisha uani.

"Breki zilishika?" akauliza.

"Zilishika, mama."

"Alhamdulillahi. Na mtoto wa mwenzangu yuko wapi?"

"Tumemfikisha kwao kwanza," kijana akamjibu.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaingia ndani kupakua chakula.